Mizani ya Santuri

Lifti ya jengo letu hapa Katowice ilikufa Februari,
na Aprili tunahama, kutoka ghorofa ya saba
hadi vyumba viwili visivyo na ukuta wa rafu.
Bogna akaitoa mizani ya bafuni, akaiweka mlangoni.
"Kila boksi lipimwe," akasema.
"Mgongo wako hauna vipuri."

Nikapima.
Boksi la kwanza, kilo ishirini na sita:
tarumbeta tupu, na piano moja iliyojichomeka.
La pili, thelathini kasoro kidogo, besi na huzuni zake.
Ilipofika saa sita nilikuwa na kilo mia tatu na kumi na mbili
na jasho lenye harufu ya kadibodi.
Binti yetu Dobrawa akachukua simu aliyoninunulia,
akailaza juu ya mizani.
Sifuri.
"Na humo zimo zote, baba,
pamoja na ambazo usingezipata hata ungeishi mara tatu."

Sibishi. Jumanne iliyopita nilisikiliza
wapiga ngoma wa Osaka na klarineti ya Helsinki
huku namenya viazi, bila hata kunawa mikono.
Ila muziki huu ni maji ya bomba:
unalipa ankara, unafungua, unatiririka,
mwezi usiolipa bomba linakohoa hewa.
Na ile klarineti? Ijumaa jina lake lilikuwa kijivu.
Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena.
Sijapata kuona mwizi
anayebeba kitu usiku akaacha jina lake rafuni.

Basi nikaitafuta ile ya mwaka sabini na nne.
Nilikuwa dereva wa tramu; baharia wa Gdynia
aliniuzia kwa mshahara wa wiki mbili,
saksafoni, jalada limekatwa pembe.
Usiku ule ule Bogna, akicheza, kisahani cha keki mkononi,
akaigonga meza kwa nyonga.
Sindano ikateleza.
Tangu hapo, upande wa pili, wimbo wa tatu,
saksafoni hupanda, hupanda, tak!
huangukia kwingine.
Tulinuna siku mbili. Kisha tukazoea.
Dobrawa alijifunza wimbo huo kabla ya kusoma,
na hata yeye, akiuimba njiani kwenda shule,
aliruka pale pale, kama mtoto avukaye dimbwi.

Jana nikautafuta kwenye simu.
Nikangoja iruke.
Haikuruka.
Saksafoni ilipofika juu ikateremka taratibu,
ikaiuliza piano jambo, piano ikajibu,
ikauliza tena, kwa sauti ya mtu
anayeona aibu kuuliza mara mbili.
Pumzi nne, labda tano.
Miaka hamsini wamekuwa wakizungumza hapo
na mimi, mwenye mali, sikuwepo.
Nikakaa juu ya boksi la besi.
Santuri nilikuwa nayo. Wimbo sikuwa nao.

Kutoka jikoni Bogna akapaza sauti:
"Mbona imekosea hapo?"

Leo amekuja Ziemowit, kijana mwenye duka la mitumba,
na taa yake ndogo kama daktari wa masikio.
Anazigeuza moja moja, anaandika bei, hasemi sana.
Ile ya saksafoni akaiinamisha kwenye mwanga,
akauona mkwaruzo.
"Hii haina kitu," akasema, akanirudishia.
Nikajitahidi nisionekane nimefurahi.

Mengine yameshuka ngazi mabegani mwake,
boksi baada ya boksi, ghorofa saba,
nami nikimwangazia njia kwa simu,
klarineti imerudi, sijui nani amemlipa nani,
inacheza kwenye ngazi kama haijawahi kuondoka.

Nilipopanda, mizani ilikuwa bado mlangoni.
Nikailaza santuri juu yake, peke yake.
Sifuri.
Bogna akaisukuma kando kwa mguu
apate kufagia.